Ahadi Iliyo Ndani ya Akiba

Siku hizi ni vigumu kuhudhuria kongamano la vijana, ibada ya Jumapili au hata kusafiri kwa basi la mkoani bila kumsikia mtu akisema kwamba umaskini unaanzia kichwani. Kauli hiyo imeenea kwa sababu ina sehemu ya ukweli inayoonekana kwa macho. Sote tunawafahamu watu wawili walioanza pamoja, kipato chao kikilingana, na baada ya miaka kumi mmoja ana kiwanja, ana duka, watoto wako shule, na mwenzake bado anakopa nauli. Tukishaondoa maradhi, misiba na bahati, kuna kitu kinabaki, na kitu hicho kinaonekana kukaa ndani ya mtu mwenyewe. Ni kitu gani?

Ningependa tukitafute pamoja, msomaji, bila haraka, kwa sababu jibu la haraka limeumiza watu wengi. Anayeambiwa kila siku kwamba hali yake ni matokeo ya fikra zake huanza kujiona mkosaji hata pale alipodhulumiwa. Naye aliyefanikiwa, akiambiwa kwamba ni fikra zake tu, huwasahau waliomshika mkono. Kwa hiyo swali la tabia na fedha, hata likiulizwa kwa nia njema, ni swali la haki pia.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Mafanikio ya kifedha nitayaita hali ya mtu ambaye fedha haimwamulii mambo makuu ya maisha yake. Anaweza kumkimbiza mtoto hospitali bila kuanza kutafuta wa kumkopesha. Anaweza kuacha kazi inayomdhalilisha. Akivuna mahindi anaweza kuyaweka ghalani akasubiri bei ipande. Kipimo hiki hakitaji kiasi. Wapo wenye mishahara mikubwa ambao hawakifikii, na wapo wakulima wa kawaida waliokifikia zamani. Mtazamo ni jinsi mtu anavyoitazama kesho: kama siku ambayo atakuwa na la kufanya, au kama jambo litakalomkuta tu. Na mazoea ni uamuzi uliorudiwa mpaka hauhitaji tena kuamuliwa. Haya matatu yanahusianaje? Wengi hudhani njia ni moja na imenyooka: mtazamo mzuri huzaa mazoea mazuri, mazoea mazuri huzaa mafanikio. Nami niliiona hivyo kwa muda mrefu, na sehemu yake bado naiamini. Ila nikitazama kwa karibu jinsi mtu anavyoitunza shilingi yake, naona kuna jambo jingine limejificha chini ya hayo yote.

Yupo mama mmoja anayeuza chapati, maharage na chai karibu na kituo cha daladala. Jioni akishafunga, huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwaga fedha za siku nzima kwenye sinia. Hahesabu faida kwanza. Anaanza kwa kutenga ya unga, mafuta na mkaa, anaifunga kwenye pindo la kanga na kulikaza fundo kwa meno. Halafu anatenga ya mchezo, kwa kuwa kijumbe hupita kabla ya magharibi, na anatenga kidogo cha marejesho ya kikoba ya Jumamosi. Kinachobaki kwenye sinia ndicho cha nyumbani. Siku biashara inapokuwa mbaya hubaki sarafu tu, na hata hivyo fundo halifunguliwi. Jioni moja mwanawe alimwomba hela ya daftari la shule. Mama akamwambia asubiri kesho. Mtoto akaonesha kidole kwenye kanga: "Si hiyo hapo, mama?" Akajibiwa kwa upole kabisa, "Hiyo siyo yangu, mwanangu. Hiyo ni ya unga."

Jibu hilo linastahili kukaliwa kitako. Fedha ni yake. Ameitafuta kwa moto na moshi tangu alfajiri, hakuna mwingine mwenye haki nayo. Kwa nini basi anasema si yake? Wachumi hufundisha kwamba shilingi ni shilingi: noti ya unga na noti ya daftari zina thamani ileile, na mtu mwenye akili atazitumia popote zitakapomfaa zaidi. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alionesha kwamba watu hawaishi hivyo. Hugawa fedha zao katika mafungu akilini, hili la chakula, hili la kodi, hili la starehe, na huona uchungu kulichota fungu moja kujazia jingine. Kwa mtu mwenye fedha nyingi, mgawanyo huo waweza kuwa kasoro ya hesabu. Kwa mama wa chapati ndio uti wa mgongo wa maisha yake. Fedha isiyo na jina huitikia kila anayeiita, na jioni moja tu ya mahitaji inatosha kuimaliza. Akiipa jina, anaiwekea mlinzi.

Mlinzi huyo ni nani? Nadhani ni ahadi. Ahadi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni neno la leo linalomfunga msemaji katika siku ambayo hisia zake zitakuwa zimebadilika. Mama anaposema "ni ya unga", amemwahidi mtu fulani, na mtu huyo ni yeye mwenyewe atakayeamka saa kumi alfajiri akihitaji kukanda. Amekataa kumdhulumu mwanamke wa kesho kwa faida ya mwanamke wa leo, ingawa wa leo ndiye anayesikia kilio cha mtoto na wa kesho hana sauti. Hapo ndipo naona siri ya mazoea ya fedha. Kuweka akiba kunaonekana kuwa ni kupenda fedha, kumbe ni kuitambua haki ya mtu ambaye bado hajafika.

Magharibi mwa Kenya, wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waliwahi kuwapa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa vitu vya kawaida sana. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kudumbukizia fedha, kufuli na ufunguo. Ufunguo walikaa nao wenyewe. Hakuna aliyewazuia kufungua usiku huohuo. Sanduku halikuwaongezea kipato hata senti moja, wala hawakufundishwa kuwaza mambo makubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba kuwa na mahali pa kuweka fedha peke yake kuliongeza akiba kwa ajili ya afya kwa asilimia 66. Wale walioweka kwa pamoja katika vikundi walipiga hatua kubwa zaidi. Kibubu, kwa maneno mengine. Bibi zetu walikifukia chini ya kitanda bila kuambiwa na profesa yeyote.

Kibubu hakina nguvu za kumshika mkono mwenye nacho. Kinachofanya ni kuipa ahadi mahali pa kukaa. Ahadi inayokaa kichwani tu huchoka, kwa sababu kichwani kuna mambo mengi yanayogombania nafasi, na kila moja lina hoja yake. Ikishakuwa na umbo, iwe kopo, fundo au daftari, kuivunja kunakuwa tendo linaloonekana. Wenye maduka wanalijua hili vizuri kuliko wanafalsafa. Ndiyo maana wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni shahidi. Ukiandika kwamba shemeji amechukua kilo mbili za sukari na hajalipa, umekubali kuuona ukweli ambao moyo ungependa kuusahau. Ukiandika kwamba wiki hii umetumia fedha za mtaji, umejikamata mwenyewe. Watu wengi wanaosema hawajui kuandika hesabu wanajua sana. Wanachokiogopa ni kuisoma.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaohubiri kwamba tatizo letu ni kutokuamini vya kutosha. Mwaka 1937 Mmarekani Napoleon Hill alitoa kitabu kilichowaambia watu kwamba utajiri huanza kwa kuuwaza na kuutamani kwa nguvu, na tangu wakati huo mafundisho hayo yamezunguka dunia na kufika kwetu, mara nyingi yakivaa joho la dini. Lakini yakumbuke yaliyotokea Tanzania na mpango wa fedha ulioitwa DECI. Maelfu ya watu walipeleka fedha zao huko wakiahidiwa kuvuna mara mbili au tatu ya walichopanda, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Waliopoteza hawakupungukiwa na mtazamo chanya. Walikuwa na imani tele, walikuwa na matumaini, na wengi wao walikuwa na nidhamu ya kupeleka fedha zao kwa wakati. Walichokosa ni kitu kidogo kisichovutia watu kwenye makongamano, yaani kumwuliza anayeahidi atalipa kwa kutumia nini. Mtazamo unaofaa katika mambo ya fedha, kwa maoni yangu, ni ule unaoweza kupokea habari mbaya mapema. Matumaini yasiyokubali kukaguliwa humfanya mtu mwema kuwa chakula cha walaghai.

Hadi hapa nimesema kana kwamba kila kitu kiko mikononi mwa mtu mmoja na kibubu chake. Sasa tuulize swali gumu zaidi. Kwa nini wapo watu, tena wenye akili, wasiomwahidi kesho chochote? Kwa nini kijana anapokea malipo Jumamosi na Jumatatu hana kitu?

Jibu la kwanza linalokuja ni kwamba hana uvumilivu. Jibu hilo lilipata nguvu kutokana na majaribio ya Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtoto aliwekewa kitamutamu mezani, akaambiwa akivumilia bila kukila ataongezewa. Baadaye ilielezwa kwamba waliovumilia walifanya vizuri zaidi ukubwani, na dunia nzima ikapokea hadithi hiyo: atakayejizuia utotoni atafanikiwa. Mwaka 2018 utafiti mpya uliohusisha watoto zaidi ya 900 ulionesha kwamba uhusiano huo ulikuwa mdogo kuliko ilivyodhaniwa, na ulipungua sana pale hali ya familia ya mtoto ilipozingatiwa. Ila jaribio linalonigusa zaidi ni jingine, la Celeste Kidd na wenzake huko Rochester, lililochapishwa mwaka 2013. Kabla ya kuwekewa kitamutamu, watoto waliahidiwa kalamu nzuri za rangi, na baadaye stika nzuri. Nusu yao waliletewa walichoahidiwa. Nusu nyingine, mtu mzima alirudi mikono mitupu, mara ya kwanza na mara ya pili. Ndipo likaja jaribio la kungoja. Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3.

Je, wale wa dakika 3 walikosa uvumilivu? Ukiwatazama kupitia dirisha utasema hivyo. Lakini walikuwa wamejifunza somo sahihi kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yao: huyu akisema "ngoja", hakuna kinachokuja. Kula upesi lilikuwa jambo la busara. Naamini tunawaona watoto hao kila siku, wakiwa wamekua. Mchukue kijana wa bodaboda aliyepewa pikipiki ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, mvua ikinyesha anapeleka, akiumwa anapeleka, kwa sababu mkataba ukiisha chombo kitakuwa chake. Mwezi mmoja kabla ya mwisho, tajiri anapata sababu, anamnyang'anya pikipiki na kumpa mwingine. Mkataba ulikuwa wa mdomo, au karatasi ilibaki kwa tajiri. Kijana huyo akianza kula hela yake yote siku hiyohiyo, majirani watasema ameharibikiwa na starehe. Nani atasema kwamba alikuwa na mazoea mazuri na akaadhibiwa kwa kuwa nayo?

Wakati mwingine anayevunja ahadi ni mkubwa kuliko tajiri wa pikipiki. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha fedha yake. Sifuri mbili ziliondolewa, jambo ambalo peke yake halimpunguzii mtu kitu, lakini pia asilimia 30 ya fedha iliyobadilishwa ilikatwa kama kodi. Aliyekuwa ameweka shilingi 100,000 alirudi na shilingi mpya 700 badala ya 1,000. Serikali ilikuwa na hoja zake, nchi ikitoka vitani na bei zikipanda bila breki. Lakini fikiria somo alilolipata mama aliyejinyima miaka kadhaa, na fikiria alivyomwambia binti yake. Aliyenunua ng'ombe alibaki na ng'ombe wake mzima. Mtazamo wa watu juu ya fedha haushuki kutoka angani. Ni kumbukumbu ya jinsi walivyotendewa walipojaribu kungoja, nayo hurithiwa.

Kuna uzito mwingine tena. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, watafiti waliwapima wakulima wa miwa uwezo wa kufikiri na kujidhibiti kabla ya mavuno, wakati mifuko imekauka na vitu vya ndani vimewekwa rehani, kisha wakawapima watu walewale baada ya mavuno. Kichwa kilekile kilifanya kazi vizuri zaidi baada ya fedha kupatikana. Kazi hiyo, iliyotolewa mwaka 2013 na akina Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, inageuza kauli tuliyoanza nayo. Umaskini unafika kichwani, naam, lakini mara nyingi umeingilia mfukoni. Anayefikiria kodi ya nyumba, ada, dawa ya mzee na deni la mikopo ya kausha damu, yote kwa wakati mmoja, amebakiwa na nafasi gani ya kupanga miaka mitano ijayo?

Basi tutupe kando habari za mazoea, tuseme yote ni mfumo? Hapana, na ninasema hapana kwa moyo wote, kwa sababu ya yule mama na fundo lake. Ukitazama vizuri, utafiti wa Tamil Nadu unayapa mazoea thamani kubwa zaidi, hasa kwa mtu mwenye kidogo. Mazoea ni uamuzi usiohitaji kuamuliwa tena. Kichwa kinapolemewa, mtu anayetegemea kuamua upya kila jioni atashindwa jioni nyingi. Aliyezoea kufunga ya unga kwanza atafunga hata akiwa na homa, hata akiwa na majonzi, mikono ikifanya kazi kabla mawazo hayajaanza kubishana. Alichokiamua siku alipokuwa na utulivu kinamsaidia siku ambayo utulivu haupo. Katika hali ya dhiki, hicho ni karibu sawa na kuwa na mtu wa pili ndani ya nyumba.

Mwenye nacho, tofauti na anavyojidhania, hahitaji mazoea hayo kwa kiwango hicho. Mwajiriwa rasmi wa sekta binafsi Tanzania huchangiwa katika mfuko wa pensheni wa NSSF asilimia 20 ya mshahara wake, kwa kawaida yeye akikatwa 10 na mwajiri akiongeza 10. Kodi inakatwa kabla hajaiona. Bima inakatwa. Mkopo wa benki unajikata wenyewe tarehe ya mshahara. Baada ya miaka thelathini anastaafu na kiinua mgongo, na watu wanamsifu kwa kujipanga. Alijipanga, lakini zaidi alipangiwa. Nidhamu anayoifanya mama wa chapati kwa meno yake kila jioni, mwenzake alifanyiwa na sheria, mara moja, siku aliyosaini mkataba wa kazi. Sisemi hivi kumpunguzia heshima mstaafu. Nasema kwa sababu tunapowalinganisha wawili hawa na kumwita mmoja mwenye mtazamo mzuri na mwingine asiyejua kuweka, tunapima vitu viwili kwa mizani iliyoinama.

Watu wa kawaida wamelitambua hili na wakajitengenezea sheria zao. Nenda kwenye mkutano wa kikoba. Katikati ya duara kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, wanaotoka nyumba tofauti. Sanduku halifunguki mpaka watatu wawepo na wenzao wakishuhudia. Fedha inahesabiwa kwa sauti. Hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu. Asiyeleta marejesho anasema sababu mbele ya wote, na kama ana msiba kuna mfuko wa jamii wa kumsaidia. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzishwa na wanawake wa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika, na kwetu ulikuta watu walioshauzoea upatu. Kufuli tatu zinatufundisha nini kuhusu binadamu? Kwamba hata mtu mwema hapaswi kuachwa peke yake na majaribu, na kwamba kukubali hivyo si aibu. Wanawake wanaokaa kwenye duara lile hawajidanganyi kwamba nia yao pekee inatosha. Wanaazimana nia. Jumamosi ambayo mmoja hana nguvu ya kuishika ahadi yake, wenzake ishirini na tano wanaishika pamoja naye.

Swali la ndugu haliwezi kuepukwa hapa. Katika ule utafiti wa Kenya, kuiwekea fedha kazi maalumu kuliwasaidia hasa watu ambao marafiki na jamaa huwaomba mara kwa mara. Wapo wanaolisoma jambo hilo na kusema ndugu ndio kikwazo cha maendeleo yetu, mtu akitaka kufanikiwa ajitenge. Mimi naona limesomwa vibaya. Fedha uliyompelekea shangazi alipolazwa haikupotea; imewekwa mahali ambapo hakuna benki inayofika, na siku zamu yako ikifika utaikuta. Undugu ni ahadi ya zamani kuliko zote tulizonazo. Mwenye pindo la kanga anaposema "hii ni ya unga" hajamkataa ndugu. Amemwambia ukweli kuhusu fedha ile, na ndugu mwenye busara hulielewa neno hilo haraka kuliko "sina" ya uongo. Kinachotuangamiza ni michango isiyo na ahadi yoyote ndani yake. Kamati ya harusi inakaa miezi mitatu, inapanga bajeti ya ukumbi na mapambo, watu wanakopa ili kadi isiwaaibishe, na bwana harusi anaamka wiki inayofuata hana godoro zuri wala kodi ya mwezi wa pili. Fedha yote ile ilimtumikia nani? Ilikwenda kununua macho ya watu kwa usiku mmoja. Nasikitika kila ninapoyaona haya, kwa sababu watu walewale, wakiombwa kumchangia kijana huyohuyo mtaji wa kuanzia maisha, hawaji.

Tukirudi kwenye wale watu wawili walioanza pamoja, sasa tuna la kusema. Kilichowatofautisha huenda ni tabia, na tabia hiyo ni kweli ilikaa ndani yao. Ila kilichokaa ndani ni uwezo wa kuamini kwamba neno la leo litakuwa na maana kesho, na uwezo huo mtu hazaliwi nao ukiwa kamili. Anauanza yeye kwa kufunga fundo, wenzake wanaujenga kwa kuwa mashahidi, na wakubwa wanaulinda au kuuvunja kila wanapotimiza au kutotimiza walichosema. Mzazi aliyemwahidi mtoto viatu mwisho wa mwezi na akavileta amemfundisha somo la akiba vizuri kuliko semina nzima. Aliyeahidi na kunyamaza amefundisha kinyume chake, hata kama baada ya hapo atamnunulia kibubu kizuri.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila anayependa kuwaambia maskini wabadili fikra zao. Kwanza angalia nani anakudai neno lako. Kama una dada wa kazi, mlipe tarehe mliyokubaliana, usimwambie arudi wiki ijayo. Kama una kijana kwenye pikipiki yako ya mkataba, andika mkataba huo, mpe nakala, na akimaliza hesabu mkabidhi kadi ya pikipiki siku hiyohiyo. Kama fundi amemaliza ukuta, mpe hela yake kabla hajafunga vifaa vyake kwenye baiskeli. Wao watajua namna ya kuipa jina.